Shindano la kosplei: kuandika kanuni na kupanga siku yenyewe

Shindano la kwanza la kosplei, yaani kuvaa kama mhusika wa katuni, filamu au mchezo, nililosaidia kuendesha hapa Nairobi halikuwa na kanuni hata moja kwenye karatasi. Tulikuwa na jukwaa, spika mbili, mshereheshaji mchangamfu na bahasha ya zawadi. Mshindi alipatikana kwa kelele za watazamaji. Kijana mmoja alikuwa amekaa wiki sita akikata mikeka ya sponji ya watoto, ile ya kuunganisha vipande vipande, mpaka akapata deraya kamili ya mabega, kifua na magoti. Alipita jukwaani kwa sekunde ishirini na watu wa nyuma waliona rangi ya fedha tu. Baada yake akapanda mwenzake aliyevaa vazi la kununua, akiwa na marafiki kumi na watano ukumbini, na kelele zao zikamaliza mambo. Nilimkuta yule kijana nyuma ya pazia akifungua kamba za deraya yake, kimya, akikikunja kila kipande ndani ya kanga kama mtu anayefunga vyombo vya udongo. Mwaka uliofuata hakurudi.

Aliyeshinda hakuvunja kanuni yoyote, maana hapakuwa na ya kuvunja. Kosa lilikuwa letu waandaaji. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na karatasi, na jukwaa litafuata baadaye.

Amua kwanza unapima nini

Watu huchanganya mashindano matatu na kuyaita moja. Kuna shindano la ufundi, ambapo majaji wanapima kazi ya mikono. Kuna la uigizaji, ambapo mshiriki anaonyesha kipande kifupi kama mhusika wake. Halafu kuna matembezi, ambapo kila aliyevaa anapanda jukwaani, anapigiwa makofi na kushuka, bila alama. Tamasha la watu mia mbili linaweza kuwa na matembezi na ufundi tu, na likafana. Usiweke vipengele kumi vya zawadi kabla hujajua utapata washiriki wangapi.

Neno kosplei lenyewe ni la Kijapani, kosupure, na linahusishwa na mwandishi Nobuyuki Takahashi aliyelichapisha mwaka 1983. Lakini kuvaa kama mhusika kulianza kabla ya hapo. Mwaka 1939, kwenye kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za kisayansi huko New York, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walifika wamevaa mavazi ya wakati ujao. Douglas ndiye aliyeyabuni na kuyashona. Napenda kuwakumbusha majaji hilo kila mara: tangu mwanzo kabisa kulikuwa na mtu aliyekaa na sindano.

Ukitaka mfano wa shindano lililojipanga, tazama World Cosplay Summit ya Nagoya, Japani, iliyoanza mwaka 2003. Huko nchi zinawakilishwa na watu wawili wawili, wanavaa walichotengeneza wenyewe, na onyesho lao lina kikomo cha dakika mbili na nusu. Kikomo hicho kinafaa kuigwa hata kwenye ukumbi wa chuo.

Kanuni zitoke miezi mitatu kabla

Deraya nzuri haijengwi kwa wiki mbili. Mtu anayeshona jioni baada ya kazi anahitaji wiki nane hadi kumi na mbili, na hawezi kununua hata mita moja ya kitambaa kabla hajajua kinachokubaliwa. Toa kanuni miezi mitatu kabla, ukurasa mmoja au miwili, kwa lugha ambayo mtoto wa kidato cha pili ataielewa. Ukishazitoa, usizibadilishe. Ikibidi kubadilisha kwa sababu ya usalama, tangaza mahali palepale ulipozitoa, uandike tarehe ya mabadiliko.

Swali zito kuliko yote ni hili: nani ametengeneza? Huku kwetu lina uzito wa pekee kwa sababu kila mtaa una fundi cherehani. Mshiriki ananunua kitambaa Biashara Street, au Kariakoo kama yuko Dar es Salaam, anapeleka picha ya mhusika kwa fundi, na baada ya siku nne ana vazi safi kabisa. Hakuna ubaya wowote hapo. Ila kazi hiyo ni ya fundi, na mshiriki akiiwasilisha kama yake anamnyang'anya fundi jina na kumnyang'anya aliyejishonea nafasi. Sisi tuliandika hivi: katika kipengele cha ufundi, angalau asilimia 70 ya vazi linaloonekana iwe imetengenezwa na mshiriki mwenyewe. Aliyeshonewa anakaribishwa kwenye uigizaji na matembezi, na mshereheshaji atamtaja fundi wake kwa jina. Mwaka huo fundi mmoja alifunga kibanda mapema, akaja kukaa mstari wa mbele kusikia jina lake likisomwa.

Asilimia 70 ya nini? Eleza, la sivyo mtabishana mlangoni. Viatu vya kawaida, soksi, lenzi za macho na wigi ambayo haikukatwa wala kutengenezwa upya, hivyo visihesabiwe upande wowote. Koti la mtumba kutoka Gikomba lililofumuliwa, likakatwa na kushonwa upya, lihesabiwe kwa kadiri ya kazi iliyoongezwa, na mshiriki alete picha ya koti lilivyokuwa. Vipande vilivyochapwa kwa printa ya 3D vikubaliwe, bali aseme kama mchoro ni wake au aliupakua, maana kusaga kwa msasa na kupaka rangi ni kazi moja na kuchora umbo kwenye kompyuta ni nyingine.

Ushahidi uwe rahisi kupatikana. Dai picha tano hadi kumi za kazi ikiendelea: kitambaa kikiwa hakijakatwa, sponji ikiwa na alama za kalamu, kipande kilichoharibika. Simu ya kawaida inatosha. Usidai video wala maandishi marefu, kwa kuwa utawafukuza wale wenye mikono mizuri na bando dogo.

Halafu ngazi. Anayeanza asipimwe na aliyewahi kushinda mara tatu. Jumuiya ya kimataifa ya washona mavazi ya aina hii, International Costumers' Guild, hutumia ngazi tatu: wanaoanza, wenye uzoefu, na mabingwa. Mtu anaruhusiwa kupanda ngazi kwa hiari yake, na haruhusiwi kushuka kufuata zawadi nyepesi. Ukiwa na washiriki chini ya kumi na watano, weka ngazi mbili tu. Vazi lililokwisha kushinda tuzo kuu mahali pengine lisirudi kushindania tuzo kuu kwako. Litembee jukwaani na liheshimiwe.

Mwili, ngozi na mavazi ya heshima

Sehemu hii waandaaji wengi huiruka, na ndiyo inayoumiza watu. Andika wazi kwamba rangi ya ngozi ya mshiriki, umbo lake, urefu wake na jinsia yake havina alama. "Kufanana na mhusika" kunapimwa kwenye vazi: mkato, rangi ya kitambaa, mapambo, wigi. Jaji anayesema "lakini mhusika ni mweupe" hafai kukaa kwenye meza ile. Na upande wa pili, piga marufuku kupaka ngozi ili ufanane na watu wa asili nyingine. Rangi ya buluu au kijani kwa zimwi au kiumbe wa angani ni jambo tofauti, ila iwe imekauka na kuzibwa isiwachafue wengine.

Wapo wasichana wanaoikunja hijabu ikawa mtindo wa nywele za mhusika, rangi ileile, mikunjo ileile, hata kishungi. Ufundi huo umestawi sana Malaysia na Indonesia, na kwetu Pwani una nafasi yake. Kwenye karatasi ya alama uandikwe pamoja na wigi, sehemu moja, thamani sawa. Usipouandika, jaji mmoja atauona kama kasoro.

Kuhusu mavazi yanayoacha mwili wazi, fuata ukumbi na umri wa watu waliomo. Kwa tamasha la familia, vazi lisitiri kama nguo ya kuogelea ya kipande kimoja. Taja mfano huo, kwa kuwa neno "heshima" peke yake kila mtu ana tafsiri yake. Aliye chini ya miaka 18 alete sahihi ya mzazi au mlezi.

Silaha za bandia na vitu vinavyochafua

Hakuna chuma chenye makali, hakuna panga la nyumbani lililopakwa rangi, hakuna bunduki inayorusha kitu, hakuna moto. Sponji, mbao nyepesi, boksi na bomba la plastiki vinatosha kujenga upanga wa mita mbili. Weka meza ya ukaguzi mlangoni. Kila silaha ikipita inafungwa utepe wa rangi moja kwenye mpini, na isiyo na utepe haipandi jukwaani. Zungumza na walinzi wa ukumbi wiki moja kabla na uwaonyeshe picha. Mlinzi anayeona bunduki nyeusi begani mwa mtu aliyefunika uso hana wajibu wa kujua kwamba ni sponji.

Jambo ambalo haliandikwi sana ni njiani. Waambie washiriki wabebe silaha ndani ya mfuko au shuka kutoka nyumbani hadi ukumbini, na ncha ya bunduki ya bandia ipakwe rangi ya machungwa. Kijana juu ya bodaboda na bunduki ya kuigiza mgongoni yuko hatarini kweli. Hali kadhalika sare: Kenya na Tanzania, kuvaa sare ya jeshi au polisi bila idhini ni kosa la jinai, na Uganda nayo ina sheria kali juu ya mavazi ya jeshi. Mhusika mwanajeshi kutoka nchi ya kubuni yenye koti la kijani kibichi na nyota za njano hana tatizo. Nguo ya mabaka inayofanana na ya wanajeshi wetu isipite mlangoni.

Vitu vinavyomwagika, kung'oka au kuoza navyo viandikwe. Mwaka 1972, kwenye kongamano la dunia la hadithi za kisayansi huko Los Angeles, msanii mmoja alipanda jukwaani amejipaka siagi ya karanga mwili mzima. Joto la taa likaichachusha, ikachafua viti na mavazi ya wenzake, na tangu hapo kuna mashindano yenye kanuni inayoitaja siagi ya karanga kwa jina. Tuliongeza pambo la unga unaong'aa, kwa kuwa unga huo ukishaingia kwenye velveti ya mtu mwingine hautoki.

Majaji watatu na karatasi moja

Tafuta mmoja anayeshona, mmoja anayejenga deraya na silaha, na mmoja wa jukwaa. Mtu maarufu asiyejua bitana ni nini mpe kipaza sauti, si kalamu. Kila jaji aseme mapema nani ni rafiki, ndugu au mteja wake, na asimpe alama mtu huyo. Wastani wa wawili waliobaki utatumika.

Alama zetu kwa ufundi ni 100: ushonaji na ujenzi 40, ugumu wa kazi 20, kufanana na mhusika 20, jukwaa 20. Washiriki wakifungana, anayezidi kwenye ushonaji na ujenzi ndiye mbele. Chapisha mgawanyo huo pamoja na kanuni. Makofi yawe na tuzo yao, chaguo la watazamaji, kwa kura za karatasi, mbali kabisa na tuzo ya ufundi.

Chumba cha ukaguzi

Hapa ndipo shindano linapoamuliwa, asubuhi, jukwaa likiwa bado tupu. Kila mshiriki apewe dakika tano na majaji, na dakika moja ya kuandika alama baada ya kutoka. Washiriki 24 mara dakika sita ni dakika 144, karibu saa mbili na nusu. Ukianza saa tatu kamili asubuhi, saa tano na nusu umemaliza. Kama wamejiandikisha 40, usiwagawe kwa makundi mawili ya majaji, kwa sababu kila kundi litakuwa na mkono wake. Chuja kwa picha wiki mbili kabla.

Jaji aombe ruhusa kabla ya kugusa. Kisha anyanyue pindo. Upande wa ndani husema mengi: kingo zimepigwa ovaloki, zimekunjwa na kushonwa mara ya pili, au nyuzi zinaning'inia? Zipu imelala, au imeinuka kama mgongo wa samaki? Mistari ya kitambaa inakutana kwenye mshono wa ubavu? Kwenye deraya, pitisha kidole mahali vipande viwili vinapokutana. Fundi mzuri amesaga kwa msasa na kuziba, na sponji imepakwa matabaka ya gundi ya mbao kabla ya rangi, ili isiinywe rangi ikabaki na vishimo. Mwombe ainue mikono na aketi. Vazi linalochanika mtu akiketi halijakamilika.

Msichana mmoja alikuja na koti jeupe lenye kola ya mistari ya dhahabu. Kwa umbali wa hatua mbili ilionekana kama kitambaa kilichochapwa, nami nilikuwa karibu kuandika alama ndogo. Akainamisha kichwa akasema, "Tafadhali iguse." Kila mstari ulikuwa utepe wa milimita tatu, umeshonwa kwa mkono pande zote mbili, mishono midogo kama punje za ufuta, na kwenye pembe za kola utepe ulikunjwa badala ya kukatwa. Kola ile peke yake ilimchukua usiku kumi na moja. Jukwaani hakuna ambaye angeiona.

Swali langu kwa kila mtu ni moja: sehemu gani ilikushinda mara ya kwanza, na ulifanyaje? Aliyeifanya kazi mwenyewe huanza kujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Jukwaa na nyuma ya pazia

Matembezi ni sekunde 40 kwa mtu, igizo dakika mbili na nusu. Hesabu pia kuitwa, kupanda na kushuka: watu 18 wa matembezi ni dakika 18, maigizo sita kwa dakika nne kila moja ni 24, jumla 42. Tenga saa nzima. Muziki ufike siku saba kabla, faili lenyewe wala si kiungo cha intaneti, likiwa na namba ya mshiriki kwenye jina. Fundi wa sauti ausikilize wote kabla ya siku hiyo. Waandishi wa majina waandike matamshi chini ya jina, na mshereheshaji ayasome mbele ya washiriki kwenye mazoezi ya saa saba mchana. Jina la mhusika likisomwa vibaya, mtu aliyelivaa kwa miezi mitatu anaumia.

Nyuma ya pazia weka viti visivyo na mikono, feni, maji na mirija ya kunywea, kwa kuwa aliyevaa kofia ya deraya hawezi kuinua chupa. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili, mtu aliyefungwa ndani ya sponji anaweza kuzimia ndani ya nusu saa. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama nyuso tu. Kisanduku cha matengenezo kiwe na pini, sindano, uzi mweusi na mweupe, gundi ya moto, gundi ya haraka, tepu, velkro, mkasi na betri. Ngazi za jukwaa ziwe na wasaidizi wawili, kwani wengi hawaoni miguu yao. Jenereta ijaribiwe asubuhi.

Picha

Mwaka 2014, New York Comic Con, tamasha kubwa la mashabiki wa katuni huko Marekani, iliweka mabango yaliyosema kwamba kuvaa kosplei si ridhaa ya kuguswa. Wekeni yenu, kwa Kiswahili, mlangoni na karibu na vyoo: omba kabla ya kupiga picha, usiguse vazi wala mwili, usipige kutokea chini. Taja mtu wa kumwona na mahali anapokaa. Kwa watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi, basi weka kisanduku cha ruhusa ya picha kwenye fomu ileile ya sahihi, na mpe mtoto asiye na ruhusa bangili ya rangi ambayo wapiga picha wote wanaijua.

Matokeo

Majaji wapewe dakika thelathini na chumba kinachofungwa. Wajumlishe alama kwanza, wazungumze baadaye; wakianza na mazungumzo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayechagua. Wakati huo jukwaani pawe na ngoma, maswali au muziki. Zawadi itolewe siku hiyohiyo, na ahadi ya mdhamini isitangazwe kabla haijafika mkononi. Malalamiko yapokelewe kwa maandishi ndani ya saa 24, na kiongozi wa shindano, ambaye hakuwa jaji, ayajibu.

Kabla ya kufunga ukumbi, piga picha karatasi zote za alama. Ndani ya siku saba kila mshiriki, aliyeshinda na aliyekosa, apate ujumbe wake: jambo moja alilolifanya vizuri na jambo moja la kurekebisha, kwa lugha ya fundi kwa fundi. "Mshono wa bega umetulia sana. Kwapa linabana, ongeza kipande cha sentimita tano, ukate mshazari."